Shajara ya mashine ya kuangulia mayai, Luanda, Vihiga

Januari, wiki ya tatu

Sanduku limekamilika. Fundi wa mbao hapa Luanda amelitengeneza kwa plaiwudi, na ndani tumelivika vipande vya yale maboksi meupe mepesi ambayo samaki husafirishiwa kutoka Kisumu, maana yanashika joto na bei yake si kubwa. Vifaa vya umeme tulivitafuta Kibuye siku ya Jumapili, soko likiwa limefurika: balbu mbili za kizamani zinazotoa joto, feni ndogo iliyong'olewa kwenye kompyuta mbovu, na thamostati yenye tarakimu nyekundu inayowasha na kuzima balbu yenyewe. Trei mbili zinabeba mayai mia moja hivi.

Mkataba wangu wa kufundisha uliisha Novemba na haukurudiwa. Chama kimenikopesha pesa za kuanzia, na Senje, shangazi yangu, amekubali tufanye kazi hii pamoja nyumbani kwake kwa sababu ana stima na ana chumba kisichotumika. Soko lipo. Vihiga mgeni wa heshima haondoki bila kuchinjiwa kuku, na Desemba ikikaribia kila boma linatafuta. Vifaranga ndio shida. Wengi huwaagiza mbali, na njiani baadhi hufa.

Nimeandika lengo kwa chaki kwenye mlango wa chumba: ifikapo mwisho wa mwaka, kati ya kila mayai 100 yenye mbegu, tuangue 80. Joto nyuzi 37.5 kwa sababu tuna feni. Unyevu asilimia 50 hadi 55 mpaka siku ya 18, kisha 65 hadi 70. Kugeuza mayai kila siku mpaka siku hiyo ya 18. Siku ya 21, vifaranga.

Februari, wiki ya mwisho

Siku ya 21 ilipita kimya. Siku ya 22 vifaranga wawili walitoboa ganda, na ya 23 wakatoka wengine watano, wanyonge, vitovu havijafunga vizuri, miguu haiwabebi. Kwa mayai 60 tulipata vifaranga saba.

Senje alikuwa ameshachimba shimo nyuma ya migomba. "Tuyafukie, mwanangu, yasituletee harufu hapa."

"Senje, nipe mpaka saa kumi. Nataka kujua yalikufa siku gani."

Akanitazama, akaingia ndani, akatoka na glavu zake za kufulia na kiti cha pili.

Tulikaa chini ya mparachichi, ndoo katikati yetu. Unagonga yai upande ule butu wenye chumba cha hewa, unabandua ganda kidogo kidogo kwa ncha ya kijiko, kisha unauchana utando. Mengine yalikuwa ute na kiini tu, hakuna kilichowahi kuanza. Mengine yalikuwa na pete ya damu, nyembamba, imezunguka juu ya kiini: hapo kiinitete kilianza, mishipa ikajengeka, kikafa ndani ya wiki ya kwanza. Na kundi la tatu lilituuma sana. Kifaranga mzima, ana manyoya, ana kucha, ana lile jino dogo jeupe juu ya mdomo la kutobolea ganda, lakini kiini bado kimebaki nje ya tumbo. Kifaranga hukifyonza kiini na kukiingiza tumboni siku chache za mwisho, nacho ndicho kinachomlisha mpaka atoke na hata siku mbili tatu baada ya kutoka. Hawa hawakufika hapo.

Nilichora safu tatu kwenye daftari. Wazi, yaani yasiyowahi kuanza, 21. Pete ya damu 9. Waliokamilika au waliokaribia kukamilika 23.

Hilo kundi la 23 ndilo lililosema zaidi. Kuchelewa kuangua, vitovu vibovu, kiini kubaki nje, yote matatu yanaelekeza sehemu moja: joto lilikuwa chini siku zote, ingawa thamostati ilionyesha 37.5 kila tulipochungulia. Jirani yetu nesi alituazima kipimajoto cha homa. Tulitia maji ya vuguvugu kwenye beseni, tukashikanisha ncha zote mbili, tukasubiri. Thamostati ikasoma 37.5. Kile cha homa kikasoma 36.4.

Digrii moja na kitu, siku 21 mfululizo. Tumeipandisha thamostati hadi 38.6 ili joto la kweli liwe 37.5, na cha homa tutakiazima tena kila tunapoanza awamu mpya.

Tangu siku hii nimeweka sharti: hakuna yai litakalofukiwa kabla halijafunguliwa na kuandikwa. Naona watu wengi hapa walionunua mashine, zikawaangusha mara moja, wakazigeuza kabati la vyombo. Yai lililokufa lina tarehe ya kifo chake ndani, na ukilitupa zima umetupa jibu ulilolipia.

Aprili, katikati ya mvua

Joto limenyooka. Vifaranga walianza kutoboa siku ya 20 jioni, na siku ya 21 wote waliokuwa wa kutoka walikuwa wametoka, wakavu, wachangamfu. Furaha ilikuwapo. Lakini kwa mayai 40 yenye mbegu walitoka 17 tu.

Tulifungua 23. Safari hii picha ilikuwa tofauti kabisa: vifaranga waliokamilika, kiini kimeshaingia tumboni, ila wamelowa na kuvimba, ute unanata puani, na chumba cha hewa ni kidogo mno. Kwa yeyote anayetaka kuelewa: ganda la yai lina vitundu vidogo sana, na maji hutoka kupitia humo polepole siku zote. Maji yanavyotoka ndivyo chumba cha hewa kinavyopanuka. Karibu na mwisho kifaranga hutoboa kwanza utando wa ndani, huingiza mdomo kwenye chumba hicho na kuvuta pumzi ya kwanza akiwa bado ndani ya ganda. Kama maji hayakutoka ya kutosha, pale anapotafuta hewa anakuta majimaji. Vifaranga wetu walizama.

Kipimaunyevu kilisema 52 muda wote, yaani pale pale tulipotaka. Baada ya lile jambo la thamostati sikukiamini tena. Kuna njia ya kukipima isiyohitaji maabara. Chukua kifuniko cha soda, kijaze chumvi ya jikoni, udondoshee maji matone machache mpaka chumvi ilowe bila kuyeyuka. Weka kifuniko hicho pamoja na kipimaunyevu ndani ya kopo la plastiki lenye mfuniko unaokaza, uache usiku kucha. Hewa iliyofungiwa na chumvi iliyolowa hutulia kwenye asilimia 75, siku zote. Asubuhi chetu kilisoma 62.

Kwa hiyo kilipotuambia 52, ndani ya sanduku ilikuwa kama 65, na huku nje mvua ya Aprili inanyesha na hewa yenyewe ni nzito. Tumebadilisha sinia la maji kwa kikombe kipana cha bati, na tumeongeza tundu la hewa juu.

Lakini kitu kilichonifurahisha zaidi mwezi huu ni mizani. Yai linatakiwa kupoteza kama asilimia 12 hadi 13 ya uzito wake kufikia siku ya 18. Yai la gramu 50 liwe limebaki na 44 hivi. Nimenunua mizani ndogo ya dijitali, nimeweka namba kwa penseli kwenye mayai kumi, na ninayapima kila baada ya siku sita. Uzito ukishuka polepole tunapunguza maji, ukishuka haraka tunaongeza. Yai lenyewe ndilo linalotuambia unyevu uweje, na kipimaunyevu kimebaki kuwa msaidizi.

Mei

Stima ilipotea usiku wa radi na ikarudi kesho yake mchana. Senje alitaka kuingiza jiko la makaa chumbani. Nilimsihi tusifanye hivyo: kiinitete huvumilia ubaridi wa saa kadhaa kuliko joto la kupita kiasi, na sanduku lililofika nyuzi 40 na zaidi linaweza kuua awamu nzima kabla ya chakula cha jioni. Moshi nao mayai yanauvuta kupitia vile vitundu. Tulichemsha maji, tukayajaza kwenye chupa, tukazifunga kwa vitambaa, tukafunika sanduku blanketi tukiacha matundu ya hewa wazi. Awamu ilichelewa nusu siku, basi. Sasa chupa za maji zinakaa chini ya trei siku zote, stima iwepo isiwepo, kwa sababu maji yakishapata joto huliachilia taratibu.

Walitoka zaidi ya nusu ya mayai yenye mbegu. Ni mara ya kwanza.

Juni

Safu ya "wazi" kwenye daftari haijapungua tangu Februari. Mashine haiwezi kulitengeneza hilo, maana yai lisilo na mbegu halina mbegu. Tulikuwa tunanunua sokoni, kwa wauzaji mbalimbali, na muuzaji hajui jogoo wa boma lile ni wangapi wala yai lilitagwa lini. Tumeamua kufuga wazazi wetu wenyewe: kuku wa kienyeji walioboreshwa, wale wa KALRO Naivasha, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, jogoo mmoja kwa kila tetea kumi.

Na nilikwenda kwa Kukhu, mama yake Mama, ambaye ameatamisha kuku tangu kabla sijazaliwa. Nilimpelekea daftari. Hasomi maandishi madogo tena, nikamsomea safu kwa safu. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali ambalo kitabu hakikuniuliza.

"Mayai yenu yanafika na nini?"

"Na boda boda, Kukhu."

"Na yanaingia kwenye sanduku siku hiyo hiyo?"

"Ndiyo, Kukhu."

"Yaacheni yalale kwanza. Yai lililotikiswa halitaki kuharakishwa."

Nilipolichunguza jambo hilo nikakuta ndivyo wanavyofanya hata wenye mashine kubwa: mayai yaliyosafiri hupumzishwa nusu siku hadi siku nzima, ncha nyembamba ikiwa chini, ndipo yaingie. Kukhu pia huchora alama ya makaa kwenye kila yai analomwekea kuku, ili yakitagwa mengine kiotani ayajue na kuyaondoa. Sisi tumechukua alama hiyo kwa kazi nyingine: upande mmoja msalaba, upande wa pili duara. Tunageuza asubuhi, mchana na usiku, idadi isiyogawanyika kwa mbili, ili upande uliolala usiku wa leo usiwe ndio utakaolala usiku wa kesho. Yai lisilogeuzwa, kiinitete chake hugandamana na utando na kukua vibaya. Kuku huyageuza mwenyewe kwa mdomo, mchana na usiku, bila kuambiwa.

Nikiwa kwenye matatu narudi niliwafikiria Wamisri. Waliangua mayai kwa maelfu ndani ya matanuri ya udongo, kazi ya vizazi na vizazi, bila kipimajoto chochote. Mtunza tanuri alishika yai akaligusisha kwenye kope ya jicho, ngozi ile nyembamba, na akajua kama joto limezidi au limepungua. Ujuzi wa namna hiyo haukuja kwa awamu moja. Ni mayai mangapi yalioza kabla kope haijajifunza? Nilipofika nyumbani nilijaribu: nikalichukua yai lenye nyuzi 37.5 nikaligusisha jichoni. Sasa nafanya hivyo kila asubuhi kabla ya kutazama tarakimu, na naanza kutambua.

Julai

Awamu ya kwanza ya mayai ya kuku wetu. Hakuna yai lililokaa zaidi ya siku saba kabla ya kuingia. Tuliyahifadhi chini ya kitanda cha Senje, penye ubaridi, mbali na jiko.

Siku ya 7 usiku tuliyamulika kwa tochi ya simu iliyofungwa kipande cha katoni chenye tundu. Yai lenye uhai linaonyesha nukta nyeusi na mishipa inayotambaa kila upande, na ukitulia unaona nukta inachezacheza. Kati ya 60, yaliyokuwa wazi ni sita tu. Senje aliyahesabu mara mbili.

Siku ya 18 tuliacha kugeuza, tukaongeza maji, tukafunga mlango wa sanduku. Kuanzia hapo hakuna kufungua. Hewa yenye unyevu ikitoka, utando hukauka ukamkaba kifaranga akiwa katikati ya kutoka.

Siku ya 20 alfajiri tulisikia sauti kutoka ndani ya mayai, kabla ganda lolote halijapasuka. Kupitia kioo niliona yai moja linatikisika. Ufa mdogo ulitokea karibu na upande butu, ukatulia saa nyingi kiasi kwamba Senje alianza kuomba kwa sauti. Kuna watu hapa huwasaidia vifaranga kwa kubandua ganda, na nawaelewa, lakini saa zile za kutulia zina kazi: damu iliyo kwenye mishipa ya utando inarudi mwilini na kiini kinamalizika kuingia. Ukimvuta mapema anatokwa damu. Jioni kifaranga alianza tena, akalizunguka ganda akilikata kidogo kidogo kutoka ndani, akaegemeza shingo, akasukuma. Kofia ya ganda ikafunguka. Akalala pale ameloa, anahema kwa nguvu, nami nikalia, na Senje akaanza kuimba.

Mayai 54 yenye mbegu, vifaranga 41. Asilimia 76 kasoro kidogo.

Agosti

Kazi imehamia kwenye malezi. Wiki ya kwanza vifaranga wanataka nyuzi 32 hadi 35, kisha tunapunguza digrii tatu hivi kila wiki. Wakijikunyata pamoja wana baridi, wakikimbilia pembeni wana joto. Wanachanjwa dhidi ya magonjwa ya Newcastle na Gumboro kwa ratiba aliyotuandikia daktari wa mifugo.

Mnunuzi mmoja alipoteza karibu nusu ya vifaranga aliowachukua wakiwa wa siku moja, kwa sababu usiku wa kwanza alikuwa bado hajaandaa mahali pa joto. Hatuwezi kukaa mbali na hilo na kusema ni lake. Tangu sasa anayetaka wa siku moja atuonyeshe kwanza picha ya mahali alipowaandalia, na asiye na mahali tunamlelea mpaka wafike wiki tatu, kwa bei ya juu kidogo. Wengi wamechagua wiki tatu.

Chama kimelipwa sehemu ya kwanza ya mkopo.

Septemba, wiki ya pili

Mayai 96 yaliingia. Wazi, saba. Yenye mbegu, 89. Vifaranga 73.

Asilimia 82.

Nimelifuta lengo la chaki mlangoni na kuandika 85. Senje amesema tupumzike mwezi mmoja kwanza, kisha akaenda kuosha trei.

Yale 16 tuliyafungua chini ya mparachichi kama kawaida. Manne yalikuwa na pete ya damu. Matatu yalikuwa na vifaranga waliojipanga vibaya, kichwa kimeelekea ncha nyembamba badala ya upande butu. Hilo hutokea zaidi yai likiwekwa ncha hiyo ikiwa juu, kwa hiyo Senje na mimi tutakuwa tunapanga trei pamoja, mmoja akiweka na mwenzake akikagua. Tisa yaliyobaki yalikuwa yamekamilika lakini yamechelewa, kiini nje, dalili zile zile za Februari. Hilo lilinishangaza, kwa kuwa kipimajoto cha homa kilikuwa kimetupa 37.5 siku ya kuanza.

Ila safari hii kila yai lilikuwa na namba ya mahali lilipokaa. Nilipochora trei kwenye karatasi na kutia alama penye kila lililochelewa, saba kati ya tisa yalitoka kona moja: trei ya chini, nyuma, kushoto. Nimekitegesha kipimajoto pale kwa siku mbili sasa na kinasoma 36.7, wakati katikati ya sanduku ni 37.5. Feni moja haifikishi hewa kule nyuma, na zile chupa za maji tulizoziongeza Mei zimeziba njia.

Fundi anakuja Jumamosi na feni ya pili, itafungwa upande wa nyuma ikitazama juu. Chupa tutazihamishia ukutani pande zote mbili. Baada ya hapo nitapima kona zote nane kwa siku mbili kabla yai lolote halijaingia. Mayai ya awamu ijayo tumeshaanza kuyakusanya chini ya kitanda. Yaliyotagwa kabla ya Jumatatu yatakuwa yamepita siku saba, hayo tutayauza ya kula.